Spika Zilizomwingiza Chiriku Nyumbani Kwangu

Mimi nina wivu. Naanza na hilo kabla hujalisikia kwa majirani, maana majirani wangu habari wanazitia chumvi. Mume wangu ni fundi wa sauti, anarekodi waimbaji kwenye chumba chetu cha nyuma. Mimi nashona chumba cha mbele, na kati yetu kuna ukuta mmoja mwembamba. Mtaa mzima wananiita Sindano, wengine kwa sababu ya kazi, wengine kwa sababu ya mdomo, na sijawahi kukaa chini kuuliza nani anamaanisha lipi.

Kwa miaka saba mume wangu alifanya kazi na spika za kompyuta za kawaida, zile ndogo nyeusi mbili na boksi lao la besi linalokaa chini ya meza. Akimaliza wimbo ananiita. "Sindano, njoo usikie." Naacha cherehani naenda. Muziki mimi siujui, wala usinitajie noti. Najua tu hiki kinaniuma sikio, hiki hakiniumi. Nikisema gitaa linamfunika mwimbaji, anapunguza gitaa. Nikisema peleka, anapeleka. Hakuna wimbo uliowahi kutoka nyumba ile kabla sijasema peleka, na waimbaji walilijua hilo, wengine wakawa wananiletea soda ili nisichelewe kulisema. Hiyo ndiyo ilikuwa sehemu yangu kwenye kazi yake. Sikuwa na nyingine na sikutaka nyingine.

Basi lile boksi la besi likaanza kukoroma, akaniambia twende dukani tukachague spika. Muuzaji, bwana mmoja mnene aliyeweka miwani kwenye paji la uso badala ya machoni, akatupangia za aina mbili mezani. Upande huu spika za kompyuta, mpya, zinang'aa. Upande ule spika za studio, mbili tu, nzito, zimenuna. Mume wangu akatoa flashi mfukoni akachomeka wimbo wa Chiriku.

Chiriku ni mwimbaji aliyekuwa anakuja kwetu tangu mwaka uliopita. Jina la utani hilo, na yeye mwenyewe analipenda. Mwanamke mrefu, sauti yake nzito, inatokea chini. Yeye mume wangu anamwita kaka, mimi ananiita wifi. Wifi wa wapi? Kwao na kwetu hatujawahi hata kuazimana chumvi.

Kwenye spika za kompyuta wimbo ukatoka mtamu. Besi inatembea tumboni, na Chiriku yuko mbali mbali hivi, kama jirani anayeimba huku anafua. Nikaridhika. Kisha muuzaji akahamishia kwenye zile za studio.

Haki ya Mungu, nywele zilinisimama. Nilimsikia akivuta pumzi kabla hajaimba. Nilisikia midomo yake ikiachana. Pale katikati ya spika mbili, ambapo hapakuwa na kitu ila kalenda ya ukutani, kulikuwa na mwanamke mzima amesimama anamwimbia mume wangu. Na mume wangu akafumba macho. Nimeishi naye miaka kumi na moja, na sikumbuki hata siku moja aliyofumba macho mimi nikiongea, labda kama ameshalala.

"Chukua zile za kwanza," nikamwambia. "Ni tamu zaidi."

"Utamu ndio ubaya wake," akasema. "Zile zinasifia kila kitu. Hata ukiharibu, zinakwambia umepatia. Hizi zinasema ukweli. Kosa likiwepo nalisikia hapo hapo."

"Nani anataka ukweli? Watu wanasikiliza kwenye simu, kwenye gari, kwenye redio ya jikoni. Nani ana madude haya nyumbani?"

Muuzaji akacheka. "Bosi, mama ana hoja."

"Najua ana hoja," mume wangu akasema. "Ndiyo maana ninaye. Hizi zitakuwa spika zangu, zile za zamani nitazitengeneza nibaki nazo za kupimia. Na yeye ndiye watu."

Neno zuri lile. Mwanamke mwenye akili angelishika, akalitia kifuani, akaenda nalo nyumbani. Mimi sikulisikia hata nusu, kwa sababu kichwani nilikuwa bado namsikia yule mwanamke akivuta pumzi.

Tulipofika nyumbani aliazima futi yangu ya kushonea. Kutoka spika hadi spika, kutoka kila spika hadi kichwa chake, vipimo vitatu vilingane sawasawa. Akaziweka mbali na ukuta, akachora alama mezani na sakafuni kwa chaki yangu ya bluu. Akanieleza kwamba kwenye chumba kile pana sehemu moja tu inayosikia vizuri, nayo ni pale katikati. Ukisogea pembeni unasikia nusu.

Chiriku akaja kesho yake. Na kwa kuwa katikati ni sehemu moja tu, na watu ni wawili, wakafanyaje? Wakasogeza viti vikagusana. Nilipita na ndoo nikaona kwa macho yangu: bega kwa bega, wote wanaangalia mbele, kimya, kama maharusi wanaosubiri kupigwa picha. "Karibu wifi," akasema Chiriku. Karibu! Ananikaribisha nyumbani kwangu. Nikarudi kwenye cherehani, nikashona mkono wa kushoto kwenye bega la kulia. Gauni lenyewe la mteja.

Wimbo waliokuwa wanaurekodi haukuwa wa kawaida. Kampuni moja ya matangazo ya biashara ilikuwa inatafuta sauti moja ya kike ya kutumia mwaka mzima, na fundi wa mwimbaji atakayechaguliwa naye anachukuliwa. Mume wangu hakuwahi kupata bahati kama ile. Alikuwa halali vizuri, hali vizuri, na mimi haniiti. Wiki ya kwanza sikuitwa. Wiki ya pili sikuitwa. Nikiuliza ananiambia, "Bado haujaiva." Lakini Chiriku aliusikia mbichi kila siku. Kupitia ukutani nilimsikia akisema, "Kaka, hapo ongeza kidogo," na kaka anaongeza. Hilo "ongeza kidogo" lilikuwa langu! Kama kuna siku nilitamani kuvunja ukuta kwa mkasi, ni siku zile.

Nikampigia simu dada yangu mkubwa.

"Umeona kitu?" akaniuliza.

"Sijaona."

"Umesikia kitu?"

"Namsikia anahema."

"Anahema! Sasa ulitaka mtoto wa watu aimbe bila kuhema? Mdogo wangu, wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda."

Nikamkatia simu. Sikio la kufa halisikii dawa, na langu lilikuwa limeshakufa na matanga yameanuliwa.

Jumatano asubuhi mume wangu akatoka kwenda kutengenezesha waya. Nikaingia kufagia. Nyuma ya kila spika kulikuwa na swichi ndogo mbili, moja ya besi, moja ya zile sauti nyembamba za juu. Mimi na vitu vya kukaza na kulegeza tunaelewana, ndiyo kazi yangu. Nikauwasha wimbo, nikakaa kwenye kile kiti cha katikati, na Chiriku akanihemea usoni. Nikainuka, nikaishusha ile swichi ya sauti za juu, spika ya kulia, kisha ya kushoto. Pumzi ikaisha. Midomo ikaisha. Chiriku akawa kama mtu aliyefunikwa blanketi. Nikafurahi, jamani, nisidanganye. Nilifagia hadi uvunguni kwa furaha.

Mume wangu akarudi, akakaa, akausikiliza. "Mbona leo amezama?" akajisemea. Wazo la kuchungulia nyuma ya spika halikumjia, kwani nani angeligusa? Akafikiri alikosea jana, akaanza kuongeza sauti za juu kwenye wimbo wenyewe. Akaongeza Jumatano, akaongeza Alhamisi, akaongeza Ijumaa, mpaka Chiriku akatoka chini ya blanketi. Sikujua wakati ule kwamba nilichokipunguza mimi kwenye spika anakiongeza yeye kwenye wimbo. Na spika zinabaki chumbani. Wimbo ndio unaotoka nje.

Jumamosi saa sita mchana, mwisho wa kupokea nyimbo ukiwa saa kumi, nikasikia, "Sindano, njoo usikie."

Moyo ulinidunda kama msichana aliyetumiwa salamu. Nikaenda. Zile spika za zamani alikuwa ameshazitengeneza, zimepangwa dirishani. Chiriku akasimama akanipisha kiti. Mume wangu akabonyeza.

Loo! Kila neno lenye S lilikuwa linalia kama pasi ya moto imewekwa kwenye kitambaa kibichi. Shwaa! Shwaa! Sauti ile nzito, ile iliyokuwa inatokea chini, imekuwa bati tupu. Meno yaliniuma. Hata mtu aliyeziba masikio kwa pamba angejua kuna kitu hakiko sawa.

"Kwenye hizi ndogo naona kama inachoma kidogo," mume wangu akasema. Alikuwa na macho mekundu. "Kwenye kubwa iko sawa kabisa. Au ni masikio yangu yamechoka?"

"Mimi nimeusikia mpaka siusikii tena," akasema Chiriku. "Wifi ndiye mwenyewe. Akisema yeye, basi."

Nikamwangalia. Alivaa blauzi ya njano, na begani pana alama ya vidole viwili, chaki ya bluu. Chaki yangu. Leo najua kwamba mume wangu alimsogeza tu akae katikati, kama ambavyo siku zote alikuwa ananisogeza mimi. Siku ile sikujua na sikutaka kujua.

"Ni masikio yako," nikamwambia mume wangu. "Iko sawa. Peleka."

Akapeleka. Akanishika mkono akasema asante, na Chiriku akanikumbatia.

Majibu yalikuja baada ya siku tisa, kwenye simu, mistari miwili. Walisema sauti ya mwimbaji inakwaruza, na kwamba wanamshauri atafute fundi mwenye masikio. Mume wangu aliisoma amesimama karibu na cherehani yangu. Akauchukua ule wimbo, akausikiliza kwenye simu, akausikiliza kwenye gari la rafiki yake, akausikiliza kwenye redio yetu ya jikoni. Kila mahali ulichoma, isipokuwa kwenye zile spika kubwa.

Akaja akakaa karibu yangu. "Ningesema ni spika," akasema, "lakini wewe uliusikia kwenye ndogo ukasema uko sawa. Nami kwenye kubwa nikausikia uko sawa. Hapa unanichoma, pale haunichomi, na siwezi tena kujua kipi ni kweli. Kilichoharibika ni kimoja tu." Akagusa sikio lake.

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nikaukata uzi, nikasema, "Pumzika kwanza."

Akaenda kupimwa. Daktari akamwambia masikio yake ni mazima kama ya mtoto. Hakuamini. Alisema mashine ya daktari inajua kama unasikia filimbi, haijui kama unasikia wimbo. Waimbaji wawili waliokuwa na miadi akawaambia waende kwingine. Mjomba wake ana duka la saruji na alikuwa anatafuta mtu wa kusimamia upakiaji, naye akamkubalia aanze mwezi unaofuata. Mume wangu, ambaye akisikia mlango unalia anakwambia unalia kwa sauti gani, anakwenda kuhesabu mifuko ya saruji!

Na hakuimba tena bafuni. Hilo ndilo lililonimaliza. Miaka kumi na moja nimemgombeza kwa kuimba bafuni, na sasa nasikia maji tu.

Siku alipoanza kuzifunga zile spika kwenye maboksi yake, nikashindwa. Nikaingia nikamwambia, "Usizifunge. Masikio yako ni mazima. Ni mimi." Nikaigeuza spika moja, nikamwonyesha swichi, nikaipandisha mbele yake. Nikaipandisha na ya pili. "Nilizishusha mimi. Jumatano ile."

Alizirudisha kwenye alama za chaki, akakaa, akaucheza wimbo. Shwaa! Akaruka kitini.

"Nasikia!" akasema. "Sindano, inachoma! Nasikia!" Akacheka, akashika masikio yake kwa mikono miwili, machozi yanamtoka. Akaucheza tena, na tena, akifurahia ubaya wake. Nikaanza kucheka na mimi. Nikasema moyoni, yamekwisha.

Kisha akauzima.

"Na Jumamosi?" akauliza. "Kwenye zile ndogo. Zile hukuzigusa."

"Sikuzigusa."

"Ulisikia nini?"

"Nilisikia inachoma."

"Ukasema peleka."

"Nikasema peleka."

"Kwa nini?"

"Wivu," nikasema. Neno moja, kwa sababu la pili sikuwa nalo.

"Wivu wa nani? Wa Chiriku?" Alinitazama kana kwamba nimemtajia mtu asiyemjua. "Sindano, yule kila akikosea nilikuwa namwambia, hilo mke wangu atalisikia, rudia. Amerudia mara ngapi kwa sababu yako!"

Nilitamani sakafu inimeze na alama zake za chaki.

"Swichi ningekusamehe hapa hapa," akasema. "Hasira zilikupanda, ukashika kitu. Basi. Lakini mimi nilikuuliza."

Hakunigombeza. Angenigombeza ningejua pa kushika, maana kugombana naweza. Alichukua simu akampigia Chiriku, akamwambia kosa lilikuwa lake, alipanga spika vibaya. Akaifunika aibu yangu kwa jina lake. Akaiandikia na ile kampuni, akaomba nafasi nyingine, na kwa bahati yule waliyemchagua alikuwa amewakimbia, wakasema leteni wimbo mwingine, lakini ni mara ya mwisho. Mjomba na saruji yake akaambiwa asubiri.

Chiriku akarudi na blauzi zake na "wifi" yake. Hajui lolote mpaka leo. Wakasogeza viti vikagusana, wakarekodi, wakarudia. Mimi nikawa nashona, nautafuta ule wivu wangu wa Chiriku siuoni. Umekwenda wapi? Nilimpelekea hata maji ya kunywa. Mume wangu ananiongelesha vizuri, anakula nilichopika, anauliza kama mteja wa sare amelipa. Bafuni anaimba. Nikasema, huyu amenisamehe.

Ijumaa, kama saa tisa, nikasikia zile spika ndogo zinachomekwa. Ile *tup* yake naijua. Nikaacha kukanyaga cherehani. Nikajifuta nyuzi mapajani, nikavuta kitenge nikakaza. Mlango ukafunguliwa, mume wangu akatoka, akapita mbele ya cherehani yangu, akatoka nje, akavuka barabara. Akarudi na kinyozi.

Kinyozi! Yule wa upande wa pili, mwenye redio inayokoroma kutwa nzima na hajui kama inakoroma. Kaja na aproni yake, nywele za watu zimemjaa hadi kwenye nyusi.

"Dakika tatu tu, bwana," mume wangu alikuwa anamwambia. "Usikie kama mtu wa kawaida."

Wakapita. Nikakaa. Wimbo ukaanza, na nisiseme uongo, ulikuwa mzuri. Chiriku alikuwa ameimba siku ile. Lakini ubeti wa pili ulipoingia, besi ikamfunika. Maneno matatu mazima yalimezwa, na ndiyo maneno yenyewe, yale yanayotaja bidhaa. Nikasubiri mtu aseme. Wimbo ukaisha.

"Kali hiyo!" kinyozi akasema.

Sikuweza. Nikainuka nikaenda. "Ubeti wa pili," nikasema, "besi inammeza. Maneno matatu hayasikiki. Punguza kidogo tu, utakuwa umemaliza."

Ilikuwa kweli. Naapa mbele ya Mungu, ilikuwa kweli tupu.

Mume wangu akanitazama. Alinitazama muda mrefu, bila ubaya, na nikamwona anataka kuniamini, anajaribu, kama mtu anayevuta zipu iliyokatika meno. Kisha akamgeukia mwenzake.

"Eti kinyozi, besi inammeza?"

"Wapi!" kinyozi akasema. "Iko safi hiyo, bosi."

"Haya," mume wangu akasema. Akabonyeza, wimbo ukaenda.

Nilirudi kwenye cherehani. Kinyozi akapita akaniambia "Kazi njema, shemeji," akavuka barabara huku anapiga mluzi ule wimbo, na anaukosea. Nikamtazama mpaka akaingia dukani kwake. Sijawahi kumwonea mtu wivu kama nilivyomwonea yule mwanaume.